Tarehe Isiyopongezwa

Jumapili, 9 Agosti 2015. Columbus, Marekani
Miguu imevimba kwa kazi ya ghala. Chai kwa Mzee Harish tena, ghorofa ya chini. Tangawizi mpaka koo linawaka. Mhindi wa Lahore aliyekulia Tanga. Kiswahili chake kinanishinda mimi Mrundi wa kambini Tanzania. Ananiita kijana. Kijana wa miaka arobaini na mitatu! Jengo zima sina mwingine wa kuongea naye.

Jumanne, 11 Agosti
Estela, mdogo wangu, kapiga simu toka Buffalo. Yeye na mumewe wamenunua nyumba mtaa wa Black Rock, chumba cha juu kitupu. "Kaka, huko unakaa na nani?" Kweli, hata rafiki yangu Ezekieli kahamia Louisville. Nikasema nina mzee wa chai. Akacheka. Sikupenda.

Alhamisi, 13 Agosti
Duka la Wahindi, Westerville. Kalenda ukutani: tarehe 15, Uhuru wa India, 1947. Nimenunua boksi la ladu, vitamu vya Kihindi, na bendera ndogo. Mzee atafurahi.

Jumamosi, 15 Agosti
Nimeharibu. Nilibisha hodi, nikapunga bendera: "Hongera ya Uhuru, Mzee!" Akapokea ladu. Akasema asante. Akafunga mlango.

Jumapili, 16 Agosti
Nimebisha. Kimya. Redio yake naisikia. Nimejipikia chai, mbaya.

Jumapili, 30 Agosti
Bado. Nimemkosea nini? Nimeacha kazi. Nimemwambia Estela naja. Hasira tu, najijua.

Ijumaa, 4 Septemba
Nafunga mizigo, mlango wazi. Mzee akaingia bila hodi na boksi lile la ladu, halijafunguliwa. Akakaa kitandani.

"Agosti ile nilikuwa na miaka tisa. Nchi ikagawanywa, Lahore ikawa Pakistan. Tukakimbilia treni. Amritsar, upande wa India, tulishuka mimi na baba. Mama hakushuka. Kila mwaka watu hunipongeza, nami naitikia. Ila wewe, mkimbizi mwenzangu, nilidhani ungejua."

Nilipaswa kujua, kweli. Nikamwambia yangu: 29 Aprili, sabini na mbili, Burundi, mauaji yalipoanza. Baba alichukuliwa, hakurudi. Mama akavuka mpaka, mimi tumboni. Kila mwaka tarehe hiyo hakuwasha redio wala hakusalimia mtu. Alikunywa chai akanyamaza.

Mzee akairudia tarehe taratibu. Akaitikia kwa kichwa. Kesho basi la Buffalo. Maji yakishamwagika hayazoleki.

Jumanne, 26 Januari 2016. Buffalo
Theluji imeziba mlango. Leo India ina sikukuu ya Jamhuri, tangu 1950. Hii Mzee huisherehekea, aliniambia. Nimepiga simu mara mbili, hakupokea. Watoto wa Estela nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza. Nyumba imejaa watu na mimi mpweke kuliko Columbus. Pengine amenisahau. Mzee ana miaka mingi, na mimi nilikuwa jirani tu.

Ijumaa, 29 Aprili
Estela kaenda kazini akiimba. Tuna mama mmoja, baba mbalimbali; tarehe hii si yake. Sikumwambia kitu. Redio sikuwasha.

Simu ikalia. Mzee Harish. Hakusalimia. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe, basi. Nikaiweka simu mezani, nikachemsha maji, nikatia tangawizi. Nikakaa. Tukanywa, yeye Columbus, mimi hapa, hakuna aliyesema neno. Nililia kidogo. Nadhani alisikia.

Kikombe kilipokwisha akasema, "Haya, kijana." Akakata.

Nimeosha kikombe. Mvua imeanza.