Sanduku Lako la Vifaa

Mjomba wangu, shikamoo.

Huku hatujambo. Mama ameupaka mlango wa karakana yako rangi ya waridi, ukiuona utacheka.

Jana alinipa hukumu yako ya Kiingereza nimtafsirie. Nilipofika pale jaji aliposema umeshawahi kufungwa, kwa hiyo anakuongezea miaka, Mama akafyonya: "Huyu kaka yangu hakomi!" Mimi nikaendelea kutafsiri.

Mjomba, ile bastola uliyofungiwa niliiokota mimi mtaroni. Nilishikwa na woga, nikaificha kwenye sanduku lako la vifaa kwa sababu hakuna anayethubutu kuligusa. Polisi wakaja kabla sijakwambia.

Leo nimemweleza wakili wako. Alhamisi kwenye rufaa ataomba nisikilizwe. Nitasema yote. Tafadhali, usinikingie kifua.

Mpwa wako aliyekuponza.