Mabati Ishirini na Nne ya Wayua

Jumamosi, 12 Oktoba 2002

Niko na miaka sabini na nane. Nimezika ndugu watano, punda kumi na mmoja, machifu wanne, na yule daktari aliyesema sitaona mwaka wa 1980. Kusoma nimeanza uzeeni, shule ya ngumbaru, na nimewapita wote hapo. Mueni, mjukuu wangu wa Fomu Tuu, anayeniita Umau, yaani babu, amenipa kurasa za nyuma za daftari yake ya hesabu. Naandika.

Leo nimeenda Machakos, hadiwea ya Mahmud. Mabati ya nyumba yetu hapa Kangundo yameoza, yamekuwa chungio, na mvua iko karibu. Wayua, mke wangu, ni mgonjwa wa kifua. Anataka mabati mapya kabla ya mvua. Hataki kingine.

Mahmud: bati moja mia nne. Ukichukua ishirini na zaidi, anatoa asilimia kumi. Imeandikwa ukutani! Nani ananunua bei ya ukutani? Nikamwambia kumi na tano. Akacheka — mzee, hapa si soko la ng'ombe. Nikatoka. Mimi sijalipa bei ya kwanza tangu mzungu aende. Nitamwinamisha huyu.

Jumapili, 13 Oktoba

Tumetoka kanisani, Mueni akaniandikia hii:

y = 360x + 1500

x ni mabati. y ni pesa yote. Mia tatu sitini ni bati moja Mahmud akishatoa kumi yake. Elfu moja mia tano ni pikapu. "Hiyo haijali x, Umau. Hata ukibeba bati moja, pikapu ni ile ile."

Nikamwambia aandike na yangu, ya kumi na tano. y = 340x + 1500. Tunataka ishirini na nne. Tofauti: mia nne themanini! Nikapiga meza — unaona?

Akasema nauli yangu kwenda na kurudi ni mia moja ishirini. Nikienda mara nne, nimekula diskaunti yote.

Huyu mtoto amefunzwa mdomo huko shule. Nauli si hesabu ya mabati. Wayua alicheka mpaka akakohoa. Alikohoa sana.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimeenda tena. Mahmud kumi, mimi kumi na tano. Chai amenipa. Bei hapana.

Jumatano, 23 Oktoba

Mara ya tatu. Mahmud anasema hata mama yake mzazi anamuuzia kwa kumi. Basi mama yake hajui kununua.

Mawingu yamejaa upande wa Ol Donyo Sabuk. Wayua ameniambia, Baba Mulwa, nunua tu na hiyo bei, mimi si ng'ombe wa kungoja mnada. Nikamwambia atulie, mwanamume yuko kazini.

Jumapili, 27 Oktoba

Mvua. Imetukuta tukila. Tumesukuma kitanda kona hii, tumesukuma kona ile. Sufuria nne, karai mbili, na bado. Godoro limelowa lote. Wayua alijifunika kanga akageukia ukuta. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 29 Oktoba

Nimeshinda! Mahmud amechoka — chukua, mzee, nimenyoosha mikono. Mia tatu arobaini! Nimelipa elfu nane mia moja sitini, pesa mkononi, saa nane mchana. Risiti ninayo. Pikapu ya Wathome ilikuwa imeenda Katangi, tumepatana abebe kesho.

Nimerudi nikiimba. Nyumba tupu.

Nthambi, jirani, akanijia na kanga mkononi. Mama Mulwa alishindwa kupumua. Mulwa, kijana wetu, amempeleka hospitali. Machakos, huko huko nilikotoka. Tumepishana barabarani.

Hiyo ilikuwa mara ya nne. Ile hesabu ya Mueni sitaki kuifungua.

Ijumaa, 1 Novemba

Wayua amekufa.

Jumatatu, 4 Novemba

Daktari alisema ni mapafu. Hakusema mvua. Nilimwuliza mara mbili. Hakusema mvua.

Mulwa ananipita kama mti. Mtoto niliyemzaa!

Alhamisi, 7 Novemba

Leo tunamleta nyumbani. Pikapu ni ya Wathome, elfu moja mia tano. Mabati hayakubebwa ile kesho, tulikuwa hospitali. Basi, kama gari italipwa tu, mabati yabaki Machakos ya nini? Tulipotoka mochari nikamwambia Wathome apitie kwa Mahmud.

Mulwa akaruka chini. Mabati yametolewa mpaka mlangoni, na yeye amesimama kati ya mlango na gari.

"Baba, mama hatalala juu ya mzigo wa duka."

Si mzigo, nikamwambia. Ni yake.

"Ungeyaleta akiwa anayaona."

Ni mara ya kwanza mtu kunifunga mdomo mbele ya watu.

Nimekaa kwenye ngazi ya duka. Wathome hajazima injini. Mueni yuko nyuma ya gari, mkono juu ya jeneza. Ameniita, Umau, twende. Siendi bila mabati. Mulwa hasogei. Watu wa barabarani wamesimama wanatuangalia.

Hii niiandike vizuri. Nililipa Jumanne, saa nane mchana, Wayua akiwa hai. Mahmud alipokea pesa kwa mkono wake. Nthambi aliniona nikiingia na risiti. Waulizwe hao. Alikuwa hai.