Niliahidi Kutopiga Vigelegele

Alhamisi, 14 Januari 2021

Basi la timu limefutwa. Covid tena! Coach Donna ameandika kwenye simu ya Papa Divine: kila mzazi abebe mtoto wake kwa gari lake. Michezo minne ya besiboli, miji minne mbali na Sydney, huko mashambani, kurudi Jumanne. Papa Divine, bwana yangu, akanitazama. Mimi niko likizo, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi wamenilazimisha kuichukua. Nikasema: naenda.

Binti yetu Divine alikuwa anakula mkate amesimama. Akaacha kutafuna.

Miaka miwili sijakanyaga uwanjani kwake. Nguo ndizo nazijua. Suruali nyeupe inarudi na udongo mwekundu magotini, naisugua, basi, huo ndio mchezo wangu. Yote sababu ya siku moja! Alipiga mpira ukaruka juu ya miti, nami nikapiga vigelegele. Vile vya harusi, vya kwetu Uvira, vya kutoka tumboni. Mchezo ukasimama. Watu wote wakageuka kama kuna mtu amekufa. Shuleni wakaniigiza mbele yake wiki nzima, kila akipita: lililililili! Akaniambia nisije tena. Kosa gani nilifanya? Mtoto wangu kapiga mpira, ninyamaze kama mpita njia? Lakini sikwenda tena. Sasa ana miaka kumi na sita, na tangu siku ile ananijibu neno moja moja, tena kwa Kiingereza.

Leo kaniwekea masharti hapo jikoni, mikono kaikunja kama ofisa wa immigration. Hakuna vigelegele. Hakuna kucheza. Hakuna kuita jina. "Promise, Mum."

Nimeahidi. Safari hii nataka kitu kimoja tu: mtoto asinionee aibu.

Nimepakia mchele, sombe ya majani ya muhogo, thermos ya chai, na kitenge cha kukalia. Kile cha njano chenye samaki.

Ijumaa, 15 Januari

Nimelala tangu Campbelltown. Usiku wote wa kazi niliofanya mwaka jana umenirudia kwenye kiti cha gari. Nafumbua macho—kondoo! Mkubwa kama nyumba, kasimama kando ya barabara. Nikajua bado naota, nikafumba tena. Papa Divine anasema hapana, ni Goulburn, ni kondoo wa saruji, watu wanampiga picha. Ah bon. Nikalala tena.

Niliota kwaya yetu ya zamani. Wote wamevaa sare, midomo wazi kabisa, hakuna sauti. Upepo tu. Kanisani kwetu pia ndivyo ilivyo sasa: kuimba kumekatazwa, wameruhusiwa watu watano mbele, na pasta hakunichagua. Alisema Mama Divine sauti yako ina nguvu mno, itarusha mate mpaka safu ya mwisho! Tulicheka wote. Nyumbani nililia.

Papa Divine alinieleza mchezo huku anaendesha. Mtu anapiga mpira kwa gongo, anakimbia, anapita vituo vitatu, anarudi palepale alipoanza, kwenye kibao cheupe, hapo timu inapata pointi. Nikamwuliza, sasa kama anarudi palepale, alikuwa anaenda wapi? Huko nyuma Divine akacheka. Puani tu, kidogo. Nimemsikia!

Majani hapa ni ya njano mpaka macho yanapoishia. Upepo unayalaza, unayainua. Nikiyatazama sana nasahau ninakokwenda. Ni raha.

Jumamosi, 16 Januari

Mchezo wa kwanza. Nilivaa barakoa ingawa tuko nje na hakuna aliyedai. Ni ya kufunga mdomo.

Kumbe mchezo wenyewe ni wa kungoja! Wasichana wanasimama kwenye majani, wametawanyika. Mmoja anafunga kamba ya kiatu. Mmoja anafukuza nzi. Joto linatetemesha uwanja wote, wanaonekana kama wamesimama ndani ya maji. Divine yuko mbali kabisa karibu na uzio wa mwisho, mdogo, peke yake. Anawaza nini kule? Nikasinzia macho wazi. Mara—pa!—kila mtu anakimbia. Halafu kimya tena.

Nimeupenda. Sikutegemea.

Wamefungwa. Hakunitazama hata mara moja. Lakini walipomaliza alikuja akachukua thermos mkononi mwangu, akanywa, akanirudishia bila kufuta mdomo wake. Papa Divine ananiambia hilo si la kuandika. Naandika.

Jumapili, 17 Januari

Mama wa moteli alituuliza tunatoka Sydney sehemu gani. Papa Divine akasema Lidcombe. Wee! Alirudi nyuma hatua mbili. Redio imekuwa ikitaja Berala, jirani zetu, kila siku kwa Covid. Akatusukumia ufunguo mezani kwa ncha ya kalamu. Papa Divine akainama kama mbele ya malkia, akasema "aksanti sana". Divine akatoka nje haraka. Aibu tena, nikawaza. Kumbe anacheka, ameegemea gari.

Tumesali kwa simu. Watano wakaimba, mtandao ukawakatakata.

Wameshinda leo! Nilipiga makofi kwa vidole viwili.

Baadaye niliimba bafuni, bomba likiwa wazi, taratibu sana. Mwaka mzima sijaimba wimbo mpaka mwisho. Nilipotoka, Divine alikuwa kakaa kitandani, vile vya kusikilizia muziki masikioni vimeshuka shingoni. Alikuwa anasikiliza tangu lini? Nikauliza, nini? Akasema, nothing.

Jumatatu, 18 Januari

Mpira umempiga Divine. Mbavuni.

Nilisikia ule mlio kutoka nilipokaa. Akaenda chini kwa goti moja. Papa Divine akaruka uzio—na umri wake ule! Coach Donna akakimbia na barafu. Mimi nikakaa juu ya kitenge changu, mikono nimeikalia, nauma barakoa mpaka uzi ukakatika sikioni. Sikusimama. Sikuita. Niliahidi! Jina lake lilikuwa limejaa mdomoni, nikalimeza.

Aliinuka. Akacheza mpaka mwisho, wamefungwa kwa pointi moja.

Tuko garini. Miti, mabwawa makavu, ng'ombe wamesimama kivulini. Nilidhani amelala. Kisha akasema, kwa Kiswahili. Kiswahili!

"Mama, hata hukuniita."

Nikasema, si wewe ulinikataza?

"I know," akasema. Akageuza uso dirishani.

Papa Divine aliongeza redio kidogo. Mimi wa kulala popote, leo sikulala hata kilomita moja. Sasa nifanye nini? Nikiita ni kosa, nisipoita ni kosa. Nina hasira naye. Nina huruma naye. Nataka kumshika mbavu zile nione kama zimevimba.

Jumanne, 19 Januari

Naandika garini. Nimefukuzwa uwanjani! Mimi, Anésie, mtu mzima, mzee wa kanisa.

Nianze mwanzo.

Mji huu jina lake nimeshaambiwa mara tatu, linateleza. Una maghala mawili ya ngano na uwanja. Nilisimama karibu na lango dogo, kando ya wavu ulio nyuma ya kibao, kwa sababu pale tu pana kivuli. Kitenge nilijitanda mabegani, jua ni kali mno. Asubuhi Divine hakuniwekea masharti tena. Alifunga nywele, akaenda.

Mchezo mzima nilikuwa kama niko ndotoni. Vumbi linapanda, linashuka. Mbwa mmoja anapita katikati, wanamngoja apite. Kumbe ni zamu ya mwisho, pointi ni sawasawa, Papa Divine anatafuna kucha zake huko kwenye uzio. Na anayechukua gongo ni Divine.

Akapiga.

Mungu wangu! Ule mpira ulikwenda chini chini, ukapita wasichana wawili, ukaingia kwenye majani marefu ya huko mwisho, wakaanza kuutafuta. Divine akakimbia. Kituo cha kwanza. Cha pili. Ile kofia ngumu ikamruka kichwani. Mkono mmoja ameushika ubavuni, pale pale palipoumia. Alipofika cha tatu nilimwona uso. Hakuwa anatazama mpira. Alikuwa ananitazama mimi!

Wameupata, wakaurusha vibaya, na yule msichana mdakaji akaondoka mahali pake kwenda kuupokea. Kile kibao cheupe kikabaki peke yake. Kitupu. Kimejaa vumbi. Mtoto anarudi na hakuna mtu wa kumpokea!

Mdomo niliahidi. Mikono hakuna aliyeiahidisha.

Nilipita lile lango. Sikukimbia, sikusema neno, na Papa Divine ni shahidi. Nikavua kitenge mabegani, nikakikung'uta mara moja, nikakitandika juu ya kibao mbele ya mtoto wangu, kama tunavyomtandikia bibi harusi, kama mama yangu alivyonitandikia siku niliyofaulu examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, mtaa mzima, kutoka barabarani mpaka mlangoni. Nikarudi nyuma. Divine akaingia, akakanyaga samaki wa njano kwa miguu yote miwili, akasimama.

Ndipo mpira ukafika. Mdakaji akamgusa na glavu yake begani.

Watu wote wakamgeukia refa.

Refa ana tumbo kubwa na shingo nyekundu. Akatazama chini muda mrefu. Akauliza, hiki ni kitu gani? Papa Divine akajibu kutoka kwenye uzio, kwa sauti ya heshima kabisa: ni kitenge.

Basi moto ukawaka. Kocha wa wenyeji anasema msichana hajagusa kibao, kagusa nguo, na mpira umemkuta, ametolewa. Coach Donna anasema kibao kiko chini ya nguo, mguu uko juu, kwani kitambaa ni ukuta? Yule anasema mama ameingia uwanjani mchezo haujaisha. Huyu anasema mama hakumgusa mtu. Refa akanyanyua mikono, akaniambia, madam, please, kakae kwenye gari lako. Hakunitukana. Nilikwenda. Nyuma yangu sikugeuka, niliogopa kumwona Divine akikipiga teke kitenge changu. Miaka miwili, safari nzima, kuuma barakoa, na dakika moja nimeharibu yote. Hatanisemesha mpaka aolewe!

Voilà. Hapo ndipo nilipo.

Kioo kimejaa vumbi, nakifuta kwa kiganja. Naona hivi. Refa na mwenzake wameinama, mmoja ametoa kitabu kidogo mfukoni, anafunua kurasa. Atapata wapi ukurasa wa kitenge? Makocha wameweka mikono viunoni. Papa Divine hajaondoka kwenye uzio, amekamata kofia yake kifuani kama yuko kanisani. Timu yote ya Divine imekaa kwenye majani, inangoja.

Na Divine bado yuko juu ya kitenge.

Refa wa pili anamwonyesha kwa kidole asogee. Hasogei. Kocha wa wenyeji anamwambia kitu, Divine anatikisa kichwa. Upepo umeinua pembe moja ya kitenge, naye ameinama, ameirudisha chini, ameikanyaga vizuri. Mkono bado uko ubavuni.

Sasa ameinua uso. Anatafuta kwenye magari. Moja, la pili. Ameliona letu.

Ameweka kiganja nyuma ya sikio.

Sikuelewa. Nimefuta kioo tena. Anarudia: kiganja nyuma ya sikio, shingo ameielekeza huku, hivi kama mtu asiyesikia vizuri. Wenzake wanamtazama, wote wanamtazama, yeye hajali. Anangoja sauti yangu.

Machozi haya, jamani. Siandiki vizuri.

Refa bado anasoma. Nashusha kioo.