Siku Mbili za Dada

4 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo huko melini? Sisi wazima. Baba anakusalimu, ingawa tangu kiharusi kimwangushe, salamu zake zinapitia kwangu.

Shirika moja la misaada limefungua ofisi nyuma ya zahanati. Limepata ufadhili wa kuwasaidia wanaouguza jamaa zao bila malipo. Muuguzi wao alifika hapa, na cha ajabu aliniuliza habari zangu, si za Baba: nalalaje, mgongo vipi, lini mara ya mwisho nilishika cherehani dukani kwangu. Akasema watamleta mhudumu wa kunipokea zamu siku mbili kwa wiki. Nimekataa. Baba ana watoto.

Dada yako

20 Februari

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, naungua na mvuke wa masufuria tu. Baba ana watoto, kweli, lakini mmoja anamgeuza kitandani na mwingine anaandika barua. Usinipe sifa nisiyostahili. Ukianguka wewe, nani atawainua wawili? Mwite muuguzi, nakuomba.

Mdogo wako

25 Machi

Dada, shikamoo.

Mwezi umepita kimya. Kama nilivuka mpaka, nisamehe. Niambie tu mko hai.

Mdogo wako

30 Aprili

Mdogo wangu,

Tuko hai, na hukuvuka mpaka. Barua yako ya Februari ilifika siku niliyoanguka na Baba bafuni. Tulilala sakafuni hadi jirani akavunja mlango. Kesho yake nikamwita muuguzi.

Mhudumu huja Jumanne na Alhamisi. Ni pande la mtu, aliwahi kuwa mchukuzi sokoni. Baba akagoma kuoshwa na mtu asiyemjua. "Basi mzee, tukae tujuane," akajibu, wakabishana mpira asubuhi nzima. Wiki ya tatu Baba akakubali. Nami nimefundishwa kumsogeza kwa shuka, bila kuvunja kiuno.

Alhamisi ya kwanza nilirudi dukani, nikaketi mbele ya cherehani, nikalala usingizi fofofo juu yake. Siku hizi nashona. Jumanne nakutana na wauguzaji wenzangu. Mzee mmoja alikiri kwamba kuna siku anamchukia mkewe mgonjwa. Hakuna aliyeshtuka. Nililia, kwa kuwa nilidhani ni mimi peke yangu.

Wafadhili walipokuja, nilisimama nikawaambia: "Nyumba yangu ina wagonjwa wawili, ila mmoja anatembea. Mkimshika huyo, mmewashika wote." Wamekubali kuendelea, na Juni wananipeleka mji mwingine siku tatu, nikawafundishe wenzetu.

Sikuombi fedha. Nakuomba wewe, uje ukae na Baba.

Dada yako

17 Juni

Dada, shikamoo.

Natumaini umefika salama. Muuguzi anakuja huko kesho, nampa barua hii.

Leo nimemgeuza Baba mara tano. Mara ya kwanza nilivuta shuka vibaya nikambandika ukutani kama kalenda, akacheka hadi nikaogopa. Nimemwogesha pia. Sikujua amekonda hivi. Nilitoka uani nikasimama kidogo, kisha nikarudi kumfunga vifungo. Kazi hii umeifanya miaka miwili, dada, na mimi nikikuuliza hali mwishoni mwa barua.

Jioni aliuliza umekwenda wapi. Nikamwambia umekwenda kufundisha. Unajua maneno yanavyomsumbua sasa. Jibu lake lilimchukua muda, nami sikumsaidia kulitamka.

"Mwambie," alisema, "asiharakishe."

Mdogo wako