Majani ya Mpera, Kasanga

Mjukuu wangu Neema,

Huku Kaengesa hatujambo, ulezi tumeshavuna. Umeniuliza nilianzaje kuamini dawa za watu wengine. Tulikuwa Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, tukingoja boti, baba yako bado mdogo, akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Mama mmoja wa Kongo akachemsha majani ya mpera. Sisi tuliyatumia kusukutua jino likiuma tu, nikakataa. Hakubishana nami. Alikunywa yeye kwanza, kama tunavyoonja pombe hapa Ufipa kabla ya kumpa mgeni, ndipo akaninyooshea kikombe. Jioni mtoto akaomba uji.

Jina lake sikuliuliza. Ila mpaka leo nikimchemshia mtu majani, nakunywa kwanza, hata kama tumbo langu ni zima.

Bibi yako