Uso Niliomfichia Mkwe

Watamu,
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Mutisya,

Shikamoo. Huku pwani nimeshazoea kuamkia hivyo, usinicheke. U hali gani, na kifua cha mama kinaendeleaje na baridi ya huko? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na barua hii usimsomee mama bado.

Nilikwambia wamenitoa udobi wakaniweka kwenye mchezo wa jioni, ule wa kuwachezea wageni hapa hotelini. Ni hadithi ya Kizungu ya mwana wa mfalme anayetafuta maji ya uzima. Mimi ni kibeti mlinda kisima. Hawakunichagua kwa ufundi, kaka, kimo changu unakijua. Natokea mara moja tu, nimevaa ndevu za katani, namwambia mwana wa mfalme, "Hupiti!" Ananipiga teke la matakoni, natoweka. Hadithi inaendelea na hakuna anayeniulizia.

Nilivumilia kwa ajili ya Syombua. Mbuzi wa posa ulishawapeleka mwenyewe kwao Mariakani, na mama yake aliridhika kwamba nina kazi ya hoteli. Kazi gani, hakuuliza.

Mwezi uliopita mama mkwe akaja hapa kuuza vyondo, vile vikapu vyake vya kusuka. Wauzaji huketi nyuma ya wageni wakingoja mchezo uishe. Teke linakuja, ndipo nikamwona, ananitazama. Ungefanyaje wewe? Tulivyolelewa, mkwe ukimwona njiani unaingia kichakani apite. Nikajifunika uso kwa zile ndevu, nikampa mgongo, nikachutama nyuma ya kisima. Teke likapita patupu, mwana wa mfalme akaanguka chali. Wageni walicheka hadi wakapiga meza.

Mzungu msimamizi wa michezo akanikumbatia. "Safi sana! Kuanzia kesho, kila siku hivyo hivyo."

"Bwana, ule haukuwa mchezo. Yule ni mkwe wangu, nilikuwa namstahi."

"Basi mstahi kila jioni," akasema, "au urudi kwenu."

Nikakubali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi sihitaji kuinama sana.

Kumbe mama mkwe alirudi kwake akinisifu. Syombua aliniambia maneno yake: "Kijana yule ana adabu. Hata mbele ya Wazungu hakumsahau mkwe." Nilifurahi, kaka, nilifurahi kama mjinga. Kisha akaja tena na vyondo vingine, akaketi nyuma ya nguzo nisipoweza kumwona. Nami nikafunika uso, nikachutama, watu wakacheka. Mchezo ulipokwisha nilimsikia akimwambia mwenzake, "Kumbe heshima yangu ndiyo kichekesho chake." Akaondoka bila kuuza hata kiondo kimoja. Ningemfuata nimweleze, lakini mkwe hafuatwi nyuma wala haelezwi uso kwa uso.

Juzi kaka yake Syombua alikuja. Hakukaa, hata maji hakunywa. Mbuzi wanarudishwa. Syombua mwenyewe hakutuma neno.

Na sasa wamepiga picha za video, wageni wakauziwe mchezo huo makwao. Ile "Hupiti!" yangu, neno langu pekee, wameikata. Kule kufunika uso wamekubakiza. Watu wa nchi nisizozijua watanicheka, na hakuna atakayejua nilikuwa namficha nani uso. Kuondoka nimewaza. Niende wapi? Udobini wameshaandika mtu mwingine.

Msalimie shemeji na watoto, na mjomba fundi baiskeli, mwambie namkumbuka. Mama mpe pole yangu, sina kingine cha kumpa.

Mbuzi watakuja na lori la Mariakani, watashushwa hapo njiapanda. Uwapokee bila kugombana na mtu. Lakini kaka, nakuomba hili moja: mama akisikia lori limesimama atadhani ni mimi na bibi arusi. Mwahi kabla hajatoka nje.

Ni mimi mdogo wako,
Mwendwa