Jambazi Aliyesema "Lala Salama"

Jumatatu. Nje unyevunyevu mtupu, madirisha yanatoka jasho kama watu. Mwanangu mdogo anaota meno, tangu alfajiri yuko begani kwangu, na sasa hivi ninavyoandika kalala huku kaung'ang'ania mtandio wangu. Nimechoka mpaka mifupa. Lakini kinachoniuma leo si meno ya mtoto.

Ni picha ya makauboi.

Ijumaa tulikwenda senema hapa Maskati, mimi, mama yangu na binti yangu Sumaya, wa miaka sita. Saidi, mume wangu, alibaki na mdogo. Aliyetaka kwenda ni Mama. Picha hiyo aliiona Unguja akiwa msichana, siku ya wanawake, ile siku ambayo wanaume hawaingii na ukumbi unajaa mabuibui, watoto na karanga. Nimekua nikisimuliwa: mjane na mwanawe, shamba lao, majambazi wanaolitaka, halafu stelingi anatokea kwenye vumbi juu ya farasi, hasemi sana, anapiga tu. Sasa wameitengeneza upya. Mama aliposikia akatoa buibui lake la Idi, akajifukiza udi kama anayekwenda harusini.

Mwanzo ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Milima ile ilinikumbusha njia ya Nizwa. Sumaya alimpenda farasi.

Kisha wakaja majambazi.

Katika ile ya zamani, anasema Mama, majambazi walikuwa majirani tu. Kofia kama za stelingi, Kiingereza kama cha stelingi, tofauti ni roho zao. Hii mpya imewafanya watu wa ajabu, wamepakwa masizi usoni, hawajulikani walikotoka, na wana lugha yao ya kutisha.

Lugha yenyewe ni Kiswahili.

Nilidhani masikio yangu yamenidanganya. Mkubwa wao ananyanyua mwenge mbele ya banda la mjane, anakunja uso, ananguruma: "Karibuni, chakula kiko tayari." Chini yake maandishi ya Kiarabu yanasema: Chomeni kila kitu.

Mama akanigeukia. "Chakula gani tena? Si anachoma banda huyu?"

Safu ya mbele mzee mmoja akaitikia kwa adabu zake zote, kama kwetu mtu akikaribishwa chakula, "Starehe, bwana." Nusu ya ukumbi, sisi wenye Kiswahili, ikaangua kicheko. Nusu nyingine ikageuka kututazama, hawaelewi tunacheka nini na mjane analia. Mimi nilicheka mpaka nikafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Halafu yule mkubwa akamwinamia askari wa mji, aliyefungwa kamba. Akampapasa shavu. Akamwambia polepole, "Lala salama, mwanangu." Akampiga risasi.

Kicheko kilinikauka. Hayo ndiyo maneno ninayomwambia Sumaya kila usiku, na shavu namshika vilevile.

Usiku ule nilipomfunika shuka nikasema kama kawaida, "Lala salama, mama." Akaziba masikio. Akaniambia kwa Kiarabu nisimwambie hivyo tena, hayo ni maneno ya watu wabaya.

Asubuhi bibi yake akamwita aje anywe chai. Akamjibu kwa Kiarabu. Jana vilevile, leo vilevile. Mama Kiarabu anakijua, cha dukani na cha kuamkiana. Lakini hadithi zake, masihara yake, hata kugombeza kwake, vyote viko katika Kiswahili. Mjukuu akimjibu kwa Kiarabu anakuwa kama mgeni kwenye nyumba anayoishi. Jana alikusanya vikombe, akaenda jikoni.

Hapo ndipo ninapowaka moto.

Nawafikiria watu wazima, wamekaa mezani, wanatafuta lugha ya kuwapa majambazi. Wakaichukua yetu. Hata hawakujisumbua kumwita mtu mmoja awaambie maana. Waliokota maneno popote pale, kwa sababu walichotaka ni mlio tu, kama mlio wa mlango mbovu. Haikuwapitia akilini kwamba kuna mtu Maskati atakata tiketi, atakaa kwenye kiti na mama yake na mwanawe, na atasikia.

Waliosoma maandishi walimwona mtu mbaya anasema maneno mabaya. Mwanangu alimsikia mtu mbaya anasema maneno ya mama yake.

Saidi, ambaye kwao ni Nizwa na Kiswahili kajifunzia kwangu, alitaka kunisaidia. "Basi mwambie kwa Kiarabu," akasema. "Si ni neno tu?" Nilimjibu vibaya. Namwomba radhi hapa kwa namna nilivyosema, si kwa nilichosema. Si neno tu.

Leo alasiri Mama akanibana nimwambie mtoto kapatwa na nini. Nikamweleza. Nilidhani atalia. Yeye akaita, "Sumaya, njoo hapa kwa bibi. Yule jambazi wako muongo."

Sumaya akaja, kasimama mbali kidogo.

"Mimi nna miaka sabini na ushei, wabaya wa Kiswahili nnawajua. Mbaya wetu hakwambii lala salama. Wala hangurumi. Anakutazama, anatabasamu, anakwambia, 'Haya, bwana.' Ukiisikia hiyo, kimbia."

Sumaya akauliza kwa Kiarabu, hiyo tu?

"Hiyo tu. Muulize babako huwa vipi mamako akimwambia 'haya, bwana.'"

Saidi alikuwa kwenye kochi na simu yake. Hakuinua hata kichwa. "Nakosa usingizi," akasema.

Mtoto akacheka. Mama naye akacheka, na mimi nikageuza uso wangu ukutani kwa sababu nilikuwa karibu kulia. Lakini Kiswahili hakusema. Hata neno moja.

Na baada ya isha, nilipoingia chumbani kwake, nilimkuta kashaziba masikio kabla sijafika kitandani. Nikakaa ukingoni. Nikamshika mkono mmoja, nikautoa taratibu, nikamwambia, "Ziba, sikukatazi. Lakini haya maneno nimepewa na bibi yako, na yeye kapewa na mama yake. Yule mtu kayachukua bila kuomba. Mimi simwachii."

Nikaurudisha mkono sikioni kwake, nikamshika shavu, nikasema.

Kesho nitasema tena, na kesho kutwa, akiwa ameziba au hajaziba. Mikono ile midogo. Itachoka kabla ya mdomo wangu.